Koti la Mngazija

Garimoshi la kutoka Dar es Salaam lilipanda kilima cha Pugu likihema, na kabla halijasimama sawasawa watu walikwisha kulivamia. Wauza korosho, wauza machungwa, wanaume wenye majogoo waliofungwa miguu kwa kamba, kila mmoja alikuwa na haraka kuliko mwenziwe. Karani alipuliza filimbi, hapana aliyeijali.

Ahamada alikuwa amekuja kupokea bunda lake la kitambaa cha marekani. Ndiyo kwanza aliweke begani aliposikia kitambaa kikichanika. Fundi cherehani husikia mchaniko kama mama asikiavyo kilio cha mwanawe. Akageuka.

Mlangoni mwa behewa alisimama msichana aliyenaswa. Buibui lake lilishikwa na kitasa, likapasuka toka begani hadi kiunoni, na ndani likaonekana gauni la rangi ya embe bivu.

"Jipya hili! La kwenda nalo harusini!" alilia yule msichana, akijibana kwa mikono miwili.

"Simama hapo hapo, dada," Ahamada alisema. Akatua bunda, akachomoa sindano kwenye ukosi wa koti lake. "Garimoshi linakunywa maji kwanza. Nafasi ipo."

"Unataka kunishona mimi au buibui?"

"Ukitikisika, vyote viwili."

Msichana akacheka, akatulia. Sindano ilikwenda mbio, na watu wakapita huku na huku wakiwasukuma. Yeye akawa anamtazama fundi kwa karibu: mtu mzima kidogo, ndevu zimechongwa vizuri, macho mapole, na mwilini koti zito la viraka juu ya viraka, cha kijivu, cha kaki, cha mstari. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Fundi, naona umeshonea watu wote ukajisahau mwenyewe."

"Mganga hajigangi."

"Basi mganga, hili koti lilikuwa rangi gani kabla ya viraka?"

"Hata mimi sikumbuki."

"Na jua lote hili huvui! Una homa?"

"Kifua," alijibu Ahamada. Ndivyo alivyowajibu watu siku zote.

Uso wa msichana ukabadilika, dhihaka ikamtoka. "Pole, kaka yangu. Nikulipe nini sasa?"

"Jina tu."

"Siwema." Alikwisha kupanda, garimoshi limeanza kusogea. "Si-wema, usije ukasema hukuonywa!"

*

Kisarawe nzima ilimjua Ahamada kwa umaskini wake. Alishonea barazani kwa Muhindi, karibu na soko, na chumba chake cha udongo kilikuwa na kitanda cha kamba, mtungi na taa ya kibatari. Wali aliula Ijumaa. Siku nyingine muhogo, na akipewa mchuzi na jirani, alishukuru kwa sauti ya mtu mwenye dhiki.

Kifua chake hakikuwa na ugonjwa wowote. Chini ya kila kiraka cha koti lile palikuwa na dhahabu.

Kwao ni Mitsamihuli, Ngazija. Kule mtu hahesabiwi kwa mvi. Huhesabiwa siku atakayofanya harusi kubwa ya ada, alishe mji mzima, amvike bibi arusi dhahabu mbele za watu. Asiyefanya, hata akifika miaka sabini, huitwa kijana. Huketi nyuma na vijana, na wazee wakisema yeye hunyamaza. Ahamada alipoondoka kwao wazee walikwisha kumwekea mchumba, Mwanaesha, binti mdogo wakati ule. "Nenda ukatafute," walimwambia, na yeye akaja bara kutafuta. Kila alichopata alikipeleka kwa sonara Dar es Salaam: mkufu, vipuli, vikuku, pete. Akarudi, akafumua kiraka, akatia, akashona.

Kwa nini mwilini? Kwa sababu ya kaka yake. Kaka yake alitafuta Unguja, naye alikuwa mtu wa kuvaa alichonacho: saa ya mnyororo, joho, viatu vya kung'aa. Marafiki wakamjaa kama nzi penye asali. Huyu ana mgonjwa, huyu ana msiba, huyu ni mtu wa kwetu. Alipougua yeye, hapana aliyepiga hodi, na sanda yake ilinunuliwa na msikiti. Ahamada aliyaona hayo kwa macho yake. Akaapa kwamba ugenini hatavaa kitu.

Lakini mali iliyofichwa haimpi mwenyewe usingizi. Alikuwa hawezi kuoga mtoni na wenziwe. Hawezi kucheza ngoma, hawezi kulala kwa mtu. Mtu akimgusa bega kwa salamu, moyo humruka. Akikaa dakika mbili huinuka, akasimama mlangoni, akarudi akaketi. Watu walisema, "Mngazija yule ana kifua na ana wahaka."

Sasa juu ya wahaka ule akaongezewa Siwema.

*

Aliuliza, akaambiwa: anakaa Soga kwa mamaye, Bi Mwamini, mjane. Baba yake mdogo, Mwinyijuma, ndiye karani wa stesheni kule. Ahamada akamwendea Salehe, karani wa Pugu, aliyeshonewa naye suruali bila malipo, akamwomba simu ya reli.

"Dakika moja tu," alisema Salehe, akazungusha mkono wa simu.

"Halo! Soga!" Sauti ilikuwa nene kama ya mtu anayegombana.

Ahamada akasahau yote aliyoyapanga. "Shikamoo mzee. Hapa Pugu. Nilikuwa naulizia... mzigo. Mzigo wa uzi."

"Uzi unatoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Utoke Dar, uwapite ninyi Pugu, uje kwangu Soga, halafu niwarudishie? Wewe ni karani gani?"

Upande wa pili kikasikika kicheko cha mwanamke aliyeleta chakula. "Nipe mie, baba. Mzigo huo nadhani naujua." Kisha, karibu kabisa na sikio lake: "Halo, mganga. Kifua hakijambo?"

"Kinaniuma zaidi tangu siku ile."

"Dawa yake ni kuja Soga Jumapili, ukala kwa mama. Lakini uje na miguu yako, usije kama mzigo."

Alikwenda Jumapili ile na Jumapili nyingine nyingi. Bi Mwamini alimpenda kabla hajamaliza sahani. Alimchemshia mivumbasi, akamtia asali kikombeni, akasimama juu yake mpaka anywe yote. "Kunywa, mwanangu. Huna mama hapa." Ahamada akanywa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na ilimkera kooni kuliko uchungu wa majani.

Jioni Siwema alimsindikiza stesheni, khanga ya manjano begani, mdomo haupumziki.

"Ukinioa mimi utanivalisha nini? Kiraka?"

"Nitakushonea gauni ambalo Soga haijaona."

"Gauni nitalivua nikilala. Nataka kitu nisichokivua."

"Kama nini?"

"Kama wewe, mpumbavu," Siwema akasema, akamsukuma, na mkono wake ukagonga kitu kigumu kwenye koti. "Ni nini hiki? Umetia mawe?"

"Vifungo vya kazi," Ahamada akasema haraka, akarudi nyuma hatua mbili. Garimoshini hakuketi. Alisimama mlangoni mpaka Pugu.

*

Alipeleka posa. Mwinyijuma alimtazama lile koti, akakohoa, akataja mahari. Lakini Bi Mwamini aliingilia kati.

"Shemeji, huyu ni mgeni, maskini wa Mungu, na mgonjwa. Mahari tumpunguzie. Mkaja wangu, ile haki ya mama, mimi nimemsamehe."

Soga nzima ikafuata njia hiyo. Majirani walichanga: huyu mchele, huyu nazi, huyu kuku. Mashaka, mzee wa nyumba ya pili, alitoa mbuzi wake jike achinjwe siku ya kutoa mahari, na hakuwa na mwingine. "Mgeni hana ukoo hapa," alisema. "Ukoo wake ni sisi."

Ahamada alisema ahsante. Aliitamka mara nyingi mpaka ikapoteza maana. Usiseme hakuona haya, aliona. Lakini alijiambia: nikionyesha kipande kimoja, wataniuliza kingine kiko wapi. Na zaidi ya hayo, dhahabu ile aliiona si yake, ni ya Mwanaesha. Alikuwa na mpango ambao hata yeye hakupenda kuutazama usoni: amwoe Siwema hapa, kimya kimya, na siku moja aende kwao akafanye harusi kubwa, kisha arudi. Wangapi wamefanya hivyo? Wengi. Na hao wengi hawakulala?

Siku tatu kabla ya arusi alishuka Soga katikati ya mvua ya masika. Alifika kwa Bi Mwamini maji yanamchuruzika.

"Vua koti," mama akasema.

"Litakauka, mama."

"Litakauka ukiwa maiti! Kwa kifua hicho? Vua."

"Mama, naomba..."

Bi Mwamini hakuwa na habari ya kuomba. Alimshika ukosi, na Ahamada angeweza kupigana na mtu yeyote duniani ila si mama mkwe. Koti likatoka. Akabaki na shuka ya kuazima, mwepesi kama aliyechunwa ngozi, na mama akalibeba kwenda kulianika jikoni. Njiani alisema, "Zito! La chuma hili?"

Barazani Mwinyijuma alikuwa akimweleza habari za shehe atakayefungisha ndoa. Ahamada hakusikia neno. Aliinuka, akaketi, akainuka. Jikoni kulikuwa na sauti za vyombo, kisha sauti za chini za wanawake wawili, kisha kimya.

Siwema akatoka. Kiganjani alishika mkufu uliodondoka kirakani, na mvua nyuma yake ilikuwa nyeupe tupu.

"Dhahabu hii ya nani?"

Mwinyijuma akasimama. "Umeiba wapi?"

"Sikuiba, mzee. Ni jasho langu. Muulizeni sonara."

"Wanaume wa kwenu huvaa mikufu?" Siwema aliuliza.

"Hapana. Ni ya harusi."

Uso wa Siwema uliwaka furaha kwa kitambo kidogo, na furaha ile ndiyo iliyomuumiza Ahamada hata uzeeni. "Ya harusi yetu?"

Angesema ndiyo, mambo yangekwisha. Alichelewa kujibu.

"Ya nani, Ahamada?"

Akamweleza. Mitsamihuli, ada, wazee, Mwanaesha. Alieleza yote, kwa sauti ya chini, akitazama maji yaendayo uwanjani.

"Kwa hiyo yeye ni mke wa dhahabu," Siwema akasema, "na mimi ni mke wa viraka."

"Siwema, mpenzi..."

"Mzee Mashaka amekupa mbuzi wake! Mama amekusamehe mkaja, anakuchemshia dawa, wewe umeketi umevaa nyumba nzima mwilini! Ungekuwa maskini kweli ningekupenda. Ungekuwa tajiri kweli ningekupenda. Sasa wewe ni nani?" Akaurusha mkufu miguuni pake. "Koti lako likikauka uondoke."

Bi Mwamini hakusema ukali wowote. Alimletea koti, akamkunjulia ukosi kama amkunjuliavyo mtoto, na alikuwa analia.

*

Wiki zile Ahamada alishona mikono ya makanzu kinyume. Kila siku alipanda Pugu kwa miguu kumsumbua Salehe. Mara nyingi Mwinyijuma alikata simu. Siku moja ikaitikiwa na sauti nyingine.

"Halo?"

"Siwema."

"Huyo hayupo."

"Sauti yako naijua."

"Hata mimi nilidhani nakujua."

"Nisikilize kidogo tu. Sikukuficha kwa kukudharau. Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Watu wote."

Waya ulivuma. "Basi kaa na watu wote," Siwema akasema, na simu ikawekwa taratibu. Angeibamiza ingekuwa afadhali.

Akaenda Dar es Salaam kwa Mzee Mbae, mtu wa kwao, mpishi wa Wazungu. Mbae alikuwa akifunga safari: mwezi ule anarudi Ngazija kufanya harusi yake kubwa. Alimfungulia Ahamada sanduku, akamwonyesha dhahabu yake, imefungwa kwa pamba. Chumba chenyewe kilikuwa kitupu kuliko cha Ahamada. Mzee alikuwa na meno machache.

"Mchumba wako ni yule yule wa zamani?" Ahamada aliuliza.

"Yule alifariki. Wamenipa mdogo wake wa mwisho." Mbae akafunga sanduku. "Mwanangu, kula mchicha hapa, ukale heshima kwenu. Ugenini mtu hana uso. Hata akicheka, anacheka bure."

"Na hapa hukupata kupenda mtu?"

Mzee alifuta vumbi kwenye kifuniko. "Alikuwako mmoja, mtaa wa Gerezani. Nilimwambia sina kitu. Akaolewa." Akainuka kutafuta kitu ambacho hakikuwako, akaketi tena.

Ahamada alivua koti mchana ule, akaazima wembe, akafumua kiraka baada ya kiraka. Mkufu, vipuli na pete, vitu alivyovifulisha kwa jina la Mwanaesha, akavikusanya katika kitambaa.

"Mpelekee. Mwambie hizi ni zake, hazina sharti. Amenisubiri vya kutosha. Aolewe na mtu aliyeko. Niombee radhi kwa wazee."

"Una wazimu! Unajua watakavyokuita?"

"Najua."

"Mpaka kufa!"

"Najua, Mzee Mbae. Chukua kabla mkono wangu haujarudi."

*

Vilibaki vikuku viwili na vipande vidogo alivyovinunua baadaye bila kumkusudia mtu. Ijumaa, watu walipotoka msikitini Soga, walimkuta Ahamada amesimama uwanjani kwa kanzu moja safi, bila koti. Wengine hawakumtambua. Alikuwa mwembamba kuliko walivyodhani.

"Shikamooni wazee. Mlinichangia kwa kuwa mimi ni maskini. Sikuwa maskini. Niliwadanganya, nikala vyenu. Kifua changu ni kizima. Nimekuja kurudisha, na kuomba radhi."

Wapo waliocheka, wapo waliotukana. Mwinyijuma alimgeuzia mgongo. Mzee Mashaka alimsogelea akamtazama kwa jicho moja.

"Mbuzi wangu alikuwa na mimba."

"Nimekuletea wawili, mzee. Wamefungwa stesheni."

"Mbuzi nitapokea leo," Mashaka akasema. "Radhi ngoja niifikirie."

Kwa Bi Mwamini aliweka mkaja juu ya mkeka, kipande cha dhahabu. Mama alikitazama kama mtu anayetazama nyoka. "Mimi nilikusamehe mkaja, mwanangu. Kilichoniuma ni mivumbasi."

"Nilikuwa nakunywa kwa aibu, mama."

"Ulikuwa unakunywa vibaya, nilidhani ni uchungu wa dawa." Akafuta macho, akaita ndani, "Siwema! Kuna mtu."

Siwema alisimama mlangoni. Hakukaribia.

"Umekuja na nini leo?"

"Na hivi." Akamwonyesha vikuku, mchana kweupe, majirani wamejaa uani. "Na mikono yangu. Vingine vimekwenda Ngazija, kwa mwenyewe. Sina kingine popote."

"Nitajuaje?"

"Hutajua. Utaniamini, au hutaniamini."

Siwema akatoka mlangoni, akasogea. "Sikuamini," akasema. "Lakini nimechoka kuikimbia ile simu." Akanyoosha mikono yote miwili. "Nivalishe hapa hapa, watu waone."

"Vifiche, mwanangu," mama akanong'ona, "watu wana macho."

"Vikifichwa tena, mama, namrudisha kwao."

Ahamada akamvalisha, kimoja kimoja. Vigelegele vikaanza kwa mmoja, vikaenea. Hata Mwinyijuma alirudi, akauliza kwa sauti yake ya kugombana kama shehe ameitwa au hakuitwa.

*

Waliishi Kisarawe. Vikuku vya Siwema viliwaletea mengi: hodi za asubuhi, wakopaji, ndugu wasiojulikana kutoka Marui na Kurui. Wengine waliwapa, wengine wakawanyima, na wakalaumiwa kwa yote mawili. Ahamada hakuzoea. Mkewe akipita sokoni aliacha cherehani kutazama nani anamtazama mikono.

Mwaka uliofuata akaja Mngazija mmoja na habari. Mzee Mbae amefika salama, ameoa, anaketi mbele. Mwanaesha ameolewa na baharia, akavaa dhahabu ile. Na jina la Ahamada limesomwa mbele ya mji kati ya vijana, pamoja na watoto wa wenziwe.

Siwema alimkuta ameketi kizingitini, nguo ya mteja magotini haijashonwa.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nitabaki kijana mpaka kaburini."

Siwema akaketi karibu naye. Alijua mzaha ungemuumiza, na alijua kunyamaza kungemuumiza zaidi.

"Wenzangu wote wameolewa na wazee," akasema. "Mimi peke yangu nimepewa kijana asiyezeeka, na bado umenuna?"

Ahamada hakucheka mara moja. Alitazama njia ya kwenda Pugu, watu wakipanda na kushuka na mizigo yao kichwani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Siwema hakujua kama anacheka au analia, akamshika mkono akangoja. Vikuku viligongana. Mwanamke aliyekuwa akipita aligeuka kuvitazama, akasalimu, na kwa mara ya kwanza Ahamada alimwitikia salamu bila kuinuka.